Mtoto haishiwi mafua: nimsafishe utumbo?

"Shikamoo daktari. Naishi Masasi, nina watoto wawili. Huyu wa pili ana miaka minne. Tangu aanze shule ya awali haumalizi mwezi bila mafua, kikohozi au kuharisha. Nikienda duka la dawa napewa amoksilini ya maji, anapata nafuu, wiki mbili tatu mbele yuko palepale. Mimi mwenyewe siku hizi nachoka sana na tumbo linajaa gesi. Kuna dada hapa mtaani anauza unga wa kusafisha utumbo. Anasema asilimia 80 ya kinga ya mwili iko tumboni, na kwamba uchafu ulioganda kwenye utumbo ndio unaoiua. Niliutumia, nikaharisha kutwa nzima, kesho yake nikajisikia mwepesi kweli. Sasa ananiambia nimpe na mtoto nusu kijiko. Tena tuache ugali wa muhogo na kunde maana vinaziba utumbo, na tununue vidonge vya bakteria wazuri, ambavyo kwa bei yake sitaviweza mpaka korosho ziuzwe. Nimpe mtoto? Na hayo ya kinga kuwa tumboni ni kweli?"

Marahaba mama. Naanza na swali lisiloweza kusubiri: usimpe mtoto huo unga, hata kwa ncha ya kijiko. Dawa za kusafisha tumbo zinazouzwa mitaani mara nyingi huwa na sanamaki au kitu cha jamii yake, na kazi ya sanamaki ni kuuchokoza utumbo mpana usukume kila kilichomo kabla maji hayajanyonywa. Mtu mzima akiharisha kutwa nzima huchoka. Mtoto wa miaka minne hana akiba hiyo ya maji. Akipoteza mengi pamoja na chumvi zake anaweza kulegea siku hiyo hiyo. Kama ulishampa na anaharisha, mpe ORS (ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji) kidogo kidogo, endelea kumlisha, na ukiona amelegea, macho yamedidimia au anashindwa kunywa, mwahishe hospitali.

Baada ya hapo tuongee taratibu, maana barua yako ina hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba kinga ya mwanao imeharibika. Ya pili ni kwamba wewe ndiye uliyeiharibu kwa kumlisha chakula cha nyumbani. Hiyo ya pili naomba uitue leo hii. Kwenye sahani yenu sioni kosa la kukulaumu.

Kuhusu ya kwanza: mtoto wa umri huo kwa kawaida hupata mafua mara sita hadi nane kwa mwaka, na anayeanza shule huweza kupita hapo. Virusi vinavyoleta mafua ni zaidi ya aina 200, na darasa la watoto wadogo ndipo vinapobadilishana pua. Kila mafua huchukua wiki moja au siku kumi, na kikohozi chake huweza kubaki hadi wiki ya tatu. Ukiyapanga hayo kwenye kalenda utaona ni kwa nini mzazi huhisi mtoto haponi kamwe. Ninachotaka kujua mimi ni kinachotokea katikati. Akishapona anacheza? Anakula? Uzito kwenye kadi yake ya kliniki unapanda? Kama majibu ni ndiyo, kinga yake inafanya kazi. Inajifunza kirusi kimoja baada ya kingine, na kujifunza huko hakuna njia ya mkato.

Na hiyo amoksilini? Amoksilini ni antibayotiki: huua bakteria, haiui virusi. Mafua yalikuwa yanaisha yenyewe, dawa ikakuta safari imefika mwisho ikachukua sifa. Nitairudia baadaye kidogo, kwa sababu ina uhusiano mkubwa na tumbo la mwanao kuliko ugali wa muhogo.

Sasa tuje kwenye maneno ya yule dada. Ndani yake kuna ukweli, na ndiyo maana yanashawishi. Hiyo asilimia 80 usiishike sana, watu huitaja 70, wengine 80, kutegemea wanahesabu nini. Lililo hakika ni kwamba hakuna mahali pengine mwilini penye chembe nyingi zaidi za kutengeneza kingamwili kuliko ukuta wa utumbo. Sababu yake utaiona ukifikiri kidogo. Ngozi ni nene na kavu, lakini utumbo kazi yake ni kuingiza vitu mwilini. Utumbo mwembamba una urefu wa mita sita hivi, na kinachotenganisha chakula na damu yako humo ndani ni tabaka moja tu la seli, ambazo hung'oka na kuzaliwa upya kila baada ya siku tatu hadi tano. Juu ya tabaka hilo kuna ute. Chini yake kuna chembe za kinga, nyingine zikiwa zimekusanyika katika mabaka aliyoyaeleza mganga wa Uswisi Johann Conrad Peyer mwaka 1677. Mabaka hayo huonja kinachopita, yakatambua kipi ni chakula cha kuachwa kipite na kipi ni kijidudu cha kupigwa. Kingamwili zinazotoka hapo humwagika kwenye ute na kuwashika vijidudu kabla hawajagusa ukuta.

Mbele zaidi, kwenye utumbo mpana, wanaishi bakteria. Kwa mtu mzima hukadiriwa kufika trilioni 38, karibu sawa na idadi ya seli za mwili wake mwenyewe. Hapa ndipo chakula na kinga vinapokutana, na naomba unifuate polepole.

Chukua kijiko kimoja cha kunde alichomeza mwanao mchana. Tumboni na kwenye utumbo mwembamba mwili unachukua protini, wanga mwepesi, madini ya chuma na zinki. Lakini kunde ina ganda na nyuzi ambazo binadamu hana kimeng'enya cha kuzivunja. Hizo zinapita kama zilivyo mpaka utumbo mpana, na huko bakteria wanazisubiri, kwa sababu ndicho chakula chao. Wanazichachusha, na katika kuchachusha wanatoa gesi (ndiyo hiyo unayoilalamikia) pamoja na asidi fupi za mafuta, mojawapo ikiitwa butireti. Butireti ndiyo nishati kuu ya seli za ukuta wa utumbo mpana. Seli zikishiba, zinashikana vizuri, na ute unatengenezwa wa kutosha. Asidi hizo hizo huingia pia kwenye mazungumzo ya chembe za kinga: zinasaidia kuzalisha zile chembe ambazo kazi yake ni kutuliza, ili mwili usipigane na kila kitu ovyo ovyo. Nyuzi zikikosekana muda mrefu, baadhi ya bakteria hugeukia kula ute wenyewe. Hilo limeonekana wazi kwenye majaribio ya panya.

Kwa hiyo kunde haizibi utumbo. Kunde inawalisha wanaoulinda utumbo.

Na "uchafu ulioganda" haupo. Madaktari wanaopitisha kamera kwenye utumbo mpana, na wapasuaji wanaoufungua, hawakuti tabaka la uchafu lililogandana ukutani. Ukuta wenyewe unajivua kila baada ya siku chache, uchafu ungeshika wapi? Ulichokiona chooni siku ile kilikuwa maji ya mwili wako, ute na mabaki ya chakula. Wepesi ulioupata ni wa kweli, sikukatalii, lakini ni wepesi wa tumbo tupu na unaisha ukishakula. Kinachobaki nyuma ndicho kinachonisumbua. Wewe unayeishi katikati ya mashamba unajua shamba likichomwa moto lote ili kuondoa majani, kinachoota kwanza ni magugu. Kuharisha kwa nguvu mara kwa mara huwafagia bakteria wengi pamoja na ute, na si lazima waliokuwa na faida ndio wawahi kurudi.

Antibayotiki zisizo za lazima hufanya jambo hilo hilo, tena kwa ukali zaidi. Kila chupa ya amoksilini anayokunywa mtoto kwa ajili ya mafua inaua bakteria wa utumbo ambao hawakuwa na hatia. Watoto wengi huharisha wakiwa kwenye dawa hizo, na sitashangaa kama baadhi ya yale maharisho unayoyataja yalikuja siku za dawa. Pia bakteria wanaosalia hujifunza kuishinda dawa. Tafadhali usinielewe kwamba antibayotiki ni mbaya. Mtoto mwenye nimonia anaihitaji na inaokoa maisha yake; akiandikiwa na mtaalamu aliyempima, mpe dozi yote. Ninachokuomba ni kuacha kuinunua kwa mafua na kikohozi cha kawaida.

Turudi jikoni. Muhogo nao umesingiziwa. Udhaifu wake ni mmoja mkubwa: una nguvu nyingi na protini kidogo mno. Ugali wa muhogo na mchuzi mwepesi, siku baada ya siku, hujaza tumbo bila kuupa mwili vifaa vya kutengenezea kingamwili, maana kingamwili ni protini. Ugali huo huo ukiwa na kunde, mbaazi au dagaa pembeni, na kisamvu cha nazi au majani ya kunde, ni chakula ambacho mtaalamu wa lishe hana la kuongeza. Angalizo pekee ni muhogo mchungu. Umenywe, ulowekwe na uanikwe mpaka ukauke kweli kabla ya kusagwa, msifupishe siku hata njaa ikibana. Konzo, ugonjwa unaopooza miguu kwa sumu ya muhogo usioandaliwa vizuri, uliwahi kuvipata vijiji vya mkoa huu wa Mtwara, na waliokuwa wakila muhogo bila protini ndio walioumia zaidi.

Kuna utafiti ambao ningependa kila mama wa kusini ausikie, ingawa ulifanyika kaskazini mwa nchi yetu. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025. Wanaume 77 wenye afya walishirikishwa. Waliozoea chakula cha asili cha kijijini, yaani nafaka zisizokobolewa, mizizi, jamii ya kunde, mboga na matunda, walihamishiwa chakula cha kisasa kilichosindikwa kwa wiki mbili. Wa mjini waliozoea chakula cha kisasa wakahamishiwa cha asili. Kundi la tatu lilikunywa mbege, pombe ya ndizi, kwa wiki moja. Damu za walioacha chakula cha asili zilionyesha dalili za mwili kuvimba ndani kwa ndani (si uvimbe wa donge) kuongezeka, na chembe zao za kinga zikawa zinajibu vijidudu kwa udhaifu. Kwa waliorudi kwenye chakula cha asili mambo yalikwenda upande wa pili, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Nikupe na mipaka yake: walikuwa wanaume watupu, wachache, na kilichopimwa ni damu, hakuna aliyehesabu mafua. Hata hivyo ni damu za Watanzania, wakila vyakula tunavyovijua.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ya jambo ninaloliona huku kwetu kila fedha za korosho zinapoingia. Nyumba iliyokuwa inakula mtama, mbaazi na mlenda inahamia kwenye mkate mweupe, soda, tambi na chipsi, na watoto ndio wanaopewa zaidi, kwa upendo. Naielewa furaha hiyo, mtu amevuja jasho mwaka mzima. Lakini kama kuna pesa ya kuongeza kwenye chakula cha mtoto, iende kwenye mayai, dagaa, maziwa ya mgando na matunda. Na bakisheni korosho kidogo za kula nyumbani. Inaniuma kuona watoto wa wakulima wa korosho wanaoonja korosho kwa nadra, wakati ina zinki, protini na mafuta mazuri. Mtoto wa miaka minne apondewe au asagiwe kwenye uji, asije akapaliwa na punje nzima.

Mabibo, yale matunda ya mkorosho, pia msiyaachie yote yaoze chini ya miti. Yana vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa. Ukakasi wake hupungua ukiyakata na kuyaosha kwa maji yenye chumvi kidogo. Vitamini C haizuii mafua, hufupisha siku zake kidogo tu kwa anayeipata kila siku, ila inasaidia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyo kwenye kunde na mboga, na hiyo kwako wewe mwenye uchovu ni faida kubwa. Embe, papai bivu, maboga na viazi lishe vina vitamini A, inayotunza ngozi ya ndani ya utumbo na ya njia ya hewa. Ming'oko, ile mizizi ya porini inayouzwa ya moto barabarani, ni wanga kama muhogo. Mle kwa raha, lakini msiihesabu kama mboga.

Vile vidonge vya bakteria, achana navyo kwa sasa. Baadhi ya aina zimeonyesha faida ndogo, hasa kwa kuharisha kunakoletwa na antibayotiki, lakini faida hutegemea aina kamili ya bakteria na kama bado wako hai baada ya kukaa dukani kwenye joto letu. Kwa pesa yako, chakula kilichochachushwa kinatosha. Maziwa ya mgando yaliyotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa ni mazuri. Togwa isiyolevya nayo imefanyiwa utafiti hapa hapa Tanzania, majibu yakatoka mwaka 1999: watoto wadogo waliopewa uji uliochachushwa mara moja kwa siku walionekana kuwa na bakteria wachache wa kuharisha kwenye kinyesi. Uraka, ile pombe ya mabibo, usiuingize humo. Kwamba mbege ilijaribiwa kwa wanaume wazima hakuufanyi uraka kuwa dawa, na kwa mtoto pombe ni sumu, hata funda moja.

Lakini chakula chote hiki kitafanya nusu ya kazi tu kama maji si salama. Utumbo unaopokea vijidudu kila siku, hata visipomharisha mtoto, hukaa umevimba, vinyweleo vyake vya kunyonyea chakula vinafupika, na mtoto hudumaa huku anakula. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya chanjo za matone kufanya kazi kwa udhaifu kwenye maeneo yenye maji machafu. Najua maji ya Masasi, Newala na Tandahimba yanavyopatikana kwa taabu. Basi kidogo kilichopo, cha kunywa kichemshwe, na sabuni itumike baada ya choo na kabla ya kula. Mpeleke mtoto kwenye kampeni ya vitamini A na dawa ya minyoo, Juni na Desemba. Bado yumo kwenye umri, maana hutolewa hadi kabla ya kutimiza miaka mitano. Karanga na mahindi yenye ukungu tupa, usiwape hata kuku; sumu ya ukungu huo haiishi kwa kupika, inaumiza ini na kudhoofisha kinga. Na kama mnapikia kuni ndani, mtoto akae mbali na moshi. Vikohozi vingi vya watoto vinaanzia jikoni.

Kunde zikikuletea gesi, zilowekeni usiku kucha, mwage maji yale, zichemshwe mpaka zilainike, uanze na kiasi kidogo kisha uongeze kwa wiki mbili tatu. Bakteria huzoea.

Nisikudanganye: ukifanya yote haya, mwanao bado atapata mafua. Utakachoweza kutarajia ni aharishe mara chache, apone upesi na aongezeke uzito.

Mpeleke akaonwe bila kungoja akiwa na homa, kwa kuwa huku kwetu homa yoyote ya mtoto ipimwe malaria siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo akipumua haraka au mbavu zikiingia ndani anapovuta hewa, akiharisha damu, au kuharisha kukizidi siku kadhaa. Kwa kuharisha kwa kawaida, pamoja na ORS, atapewa zinki miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14. Mmalizie zote hata kama choo kimeshakaa sawa. Kikohozi kikizidi wiki mbili, hata kama huenda ni mabaki ya mafua tu, aangaliwe kifua kikuu, na kama kinakuja usiku na kifua kinapiga filimbi, huenda ni pumu. Uzito ukishuka, utando mweupe ukirudi rudi mdomoni, au akipata nimonia zaidi ya mara moja kwa mwaka, daktari atapendekeza kipimo cha VVU na vipimo vingine. Kubali bila hofu, maana yote hayo yana tiba. Kama kituo cha karibu hakina vipimo, hospitali za Ndanda na Ligula wanavyo.

Na wewe mama usijisahau. Uchovu na gesi vinaweza kuwa upungufu wa damu, minyoo, vidonda vya tumbo au kitu kingine kabisa, na unga wa kuharisha unaweza kuvificha au kuvizidisha. Siku ya kumpeleka mtoto, nawe pima wingi wa damu na choo. Beba kadi yake ya kliniki, na uchukue na kile kifuko cha unga pamoja na chupa za dawa alizokunywa karibuni, umwonyeshe daktari.